Kiasi cha Undani katika Modeli za Majengo: Umbo Kamili na Wepesi wa Kuchora kwa Mifano ya Nyumba za Mbeya na Iringa

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna mchoraji wa majengo anavyoweza kuamua ni sehemu zipi za jengo ziundwe kikamilifu katika modeli ya kompyuta, na zipi zibaki kuwa mistari ya mchoro. Mifano imechukuliwa katika nyumba za kawaida za makazi zinazojengwa Mbeya na Iringa: msingi juu ya mteremko, kuta za tofali za kuchoma, paa la kenchi za mbao na mabati. Hoja inayotetewa ni kwamba kigezo cha uamuzi si ukubwa wa kitu wala thamani yake, bali ni kama kitu hicho hubadilika kulingana na mahali kilipo. Kinachobadilika kiundwe katika modeli; kinachojirudia bila kubadilika kichorwe mara moja.

Maneno muhimu: modeli ya jengo, undani, uchoraji, msingi, kenchi, Nyanda za Juu Kusini

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka michoro ya nyumba ya vyumba vitatu kwenye eneo la ujenzi, katika mojawapo ya miteremko ya Manispaa ya Iringa. Michoro ilikuwa na kurasa tisa. Mbili kati ya hizo zilikuwa picha za rangi zilizotolewa moja kwa moja kutoka katika modeli, zikionyesha vigae vya sebuleni, vitasa vya milango na hata mapazia. Fundi mkuu, mzee aliyejenga miaka mingi katika mkoa huo, alizifunua kurasa zote bila haraka, akarudi kwenye ukurasa wa msingi, akauliza: “Kijana, picha imependeza. Sasa hii kona ya bondeni, ukuta wa msingi unapanda kozi ngapi?”

Sikuwa na jibu. Katika modeli yangu nyumba ilikaa juu ya ardhi tambarare, kwa sababu sikuwa nimeingiza mteremko. Nilikuwa nimetumia karibu siku nzima kuchagua kitasa.

Swali la fundi yule ndilo chimbuko la makala hii. Programu za usanifu wa majengo zinazotumika leo humwezesha mchoraji kuunda kila kitu, kuanzia nguzo hadi parafujo, na kila kitu kilichoundwa huonekana kana kwamba kimekwisha kufikiriwa. Hapo ndipo penye hatari. Modeli inaweza kuwa na undani mwingi pale ambapo hakuna atakayeutumia, na kuwa tupu pale ambapo mwenye nyumba atapotezea fedha zake. Kwa upande mwingine, wapo wachoraji wazoefu ambao, kwa kuchoshwa na uzito wa modeli, wamerudi kwenye mistari mitupu na kubeba mzigo wa kurekebisha kurasa tano kila ukuta mmoja unaposogezwa. Makala haikusudii kuwapatanisha wote wawili kwa kuwagawia nusu kwa nusu. Inakusudia kuonyesha kwamba ndani ya jengo moja zipo sehemu zinazodai modeli na sehemu zinazodai mstari, na kwamba zinaweza kutambuliwa kabla kazi haijaanza.

2.0 Undani wa umbo na ukomavu wa taarifa

Ni vyema kutofautisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya ofisini huchanganywa. La kwanza ni undani wa umbo: wingi wa nyuso, kona na vipande vinavyokifanya kitu kwenye skrini kifanane na kitu halisi. La pili ni ukomavu wa taarifa: kiasi ambacho uamuzi kuhusu kitu hicho umekwisha kufanywa na unaweza kutegemewa na mtu mwingine. Dirisha linaweza kuchorwa kwa fremu, bawaba na mpira wake wote ilhali mwenye nyumba bado hajaamua kama litakuwa la mbao au la aluminiamu. Umbo lake ni la kina. Taarifa yake ni changa. Kinyume chake, mkanda wa zege unaweza kuonyeshwa kama mche mmoja usio na pambo lolote, lakini upana wake, kimo chake na mahali unapopita vikawa vimethibitishwa na mhandisi.

Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Marekani, katika waraka wake E202 wa mwaka 2008, iliweka ngazi tano za ukomavu, kuanzia 100 hadi 500. Wengi hutafsiri ngazi hizi kana kwamba ni vipimo vya uzuri wa umbo, ambapo 400 ni “nzuri” kuliko 200. Waraka wenyewe ulilenga jambo jingine: nani anaweza kutegemea nini, na katika hatua ipi ya mradi. Pia ngazi hizo hupewa kila sehemu ya jengo peke yake. Hakuna sababu ya kimsingi ya msingi na kitasa kuwa katika ngazi moja kwa wakati mmoja, na katika nyumba ya mteremkoni ipo sababu nzuri ya kutofanya hivyo.

Historia ya zana zenyewe inaeleza kwa nini mvutano huu upo. AutoCAD, iliyotoka mwaka 1982, ilihamishia ubao wa kuchorea ndani ya kompyuta: mstari ulibaki mstari. ArchiCAD ya kampuni ya Graphisoft ya Budapest, tangu miaka ya 1980, na baadaye Revit, iliyotoka mwaka 2000 na kununuliwa na Autodesk mwaka 2002, zilikuja na wazo jingine: mchoraji aunde jengo, na plani, mkato na mwonekano wa nje vitolewe humo. Hata hivyo, waundaji wa programu hizo walijua tangu mapema kwamba si kila kitu kinafaa kutolewa kwenye umbo. Katika ArchiCAD, kifaa kama mlango au sinki hubeba maelezo mawili yaliyotengana, moja la alama yake ya plani na jingine la mwili wake wa pande tatu. Katika Revit kila mwonekano huweza kuwekwa katika ngazi moja kati ya tatu za undani, na kifaa huweza kuwa na mistari ya alama isiyohusiana kabisa na umbo lake. Kwa maneno mengine, mgawanyo kati ya umbo na mstari umejengwa ndani ya programu zenyewe. Kilichobaki ni mchoraji kuutumia kwa makusudi.

3.0 Kinachoonekana kwenye karatasi

Eneo la ujenzi katika mikoa hii bado linaendeshwa kwa karatasi. Maombi ya kibali cha ujenzi huhukumiwa kwa kurasa za michoro, na fundi hutembea na nakala iliyokunjwa mfukoni. Kwa hiyo inafaa kuanza na swali dogo la kimaumbile: karatasi inaweza kubeba nini?

Mstari mwembamba unaotumika sana katika michoro una unene wa milimita 0.18. Katika mchoro wa skeli ya 1:100, mstari huo peke yake unafunika milimita 18 za jengo halisi. Lipu ya milimita 15 ni nyembamba kuliko mstari unaoichora. Ukiiunda kama tabaka na kuiacha ijionyeshe katika plani ya 1:100, utapata mistari miwili iliyogandana, na ukuta utaonekana kama umechorwa kwa kalamu butu. Katika skeli ya 1:20 mstari uleule unafunika milimita 3.6 tu, na lipu ileile inakuwa na upana wa milimita 0.75 kwenye karatasi, unaosomeka bila shida.

Hesabu hii fupi inatosha kuondoa sehemu kubwa ya kazi isiyo na faida. Umbo la ndani la fremu ya aluminiamu, ukingo wa kigae, mkunjo wa bati, bawaba: hakuna hata kimoja kinachoishi katika 1:100. Vinaishi katika mchoro wa 1:20 au 1:5, na michoro hiyo ni michache. Mchoraji anayeunda dirisha kwa vipande 60 ili alione katika plani ya 1:100 anafanya kazi ambayo karatasi itaifuta.

Hata hivyo, kipimo cha karatasi hakijibu kila kitu. Kinatuambia kisichofaa kuonyeshwa. Hakituambii kinachopaswa kujulikana. Kwa hilo lazima tuingie ndani ya jengo lenyewe.

4.0 Msingi juu ya mteremko

Tuchukue nyumba ya mfano yenye plani ya mita 12 kwa 10, iliyowekwa kwenye kiwanja kinachoteremka mita 1 kwa kila mita 8 kwa kufuata upande mrefu. Mteremko wa namna hii si wa ajabu katika vitongoji vya Iringa vilivyoshikamana na vilima, wala Mbeya kuelekea miinuko iliyouzunguka mji. Kati ya kona ya juu na kona ya bondeni ardhi inashuka mita 1.5.

Tuseme mkanda wa msingi unakaa sentimita 60 chini ya ardhi, na sakafu inainuka sentimita 30 juu ya sehemu ya juu kabisa ya ardhi. Ukuta wa msingi upande wa juu utakuwa na kimo cha mita 0.9. Upande wa bondeni utakuwa mita 2.4. Mzingo wa nyumba ni mita 44, na kimo cha wastani ni mita 1.65, eneo la ukuta wa msingi wa nje linafika mita za mraba 72.6. Mchoraji aliyeunda nyumba hiyohiyo juu ya ardhi tambarare atapata kimo cha mita 0.9 kila mahali, yaani mita za mraba 39.6. Tofauti ni mita za mraba 33. Kwa tofali za saruji za milimita 450 kwa 230 kwa 150 zilizolazwa, zikiwa na udongo wa saruji wa milimita 20 kati yake, hizo ni takribani tofali 410 ambazo hazimo katika makadirio. Na kujibu swali la mzee wa Iringa: kozi moja ni milimita 170, hivyo kona ya juu ina kozi 5 na kona ya bondeni ina kozi 13 au 14.

Kifusi ni kikubwa zaidi. Chini ya jamvi, ardhi tambarare ingedai kujazwa sentimita 30 kwa mita za mraba 120, yaani mita za ujazo 36. Katika mteremko kina cha kujaza kinaanzia sentimita 30 na kufika mita 1.8, wastani wa mita 1.05, sawa na mita za ujazo 126 kabla ya kutoa unene wa jamvi na kuta. Kwa lori la mita za ujazo 6, tofauti hiyo ya mita 90 ni safari 15. Mwenye nyumba aliyeweka akiba kwa ajili ya msingi, kama wengi wanavyojenga, kidogokidogo na bila mkopo, hukwama hapo. Magofu ya misingi iliyoota majani pembezoni mwa miji yetu yana sababu nyingi, na sidai kwamba michoro ndiyo sababu ya yote. Lakini msingi uliochorwa tambarare ni sababu ambayo mchoraji anaweza kuizuia akiwa mezani kwake.

Lipo pia suala la usalama. Ukuta wa sentimita 23 unaozuia kifusi cha mita 1.8 si ukuta wa msingi wa kawaida tena. Unasukumwa kwa pembeni, na ni lazima mhandisi auangalie. Mchoraji asiyeona kimo hicho katika modeli hatajua kwamba anapaswa kumwita mhandisi.

Kwa hiyo ardhi iundwe. Je, kwa undani kiasi gani? Hapa ndipo kigezo kinapoanza kujidhihirisha. Haihitajiki ardhi yenye nyasi, mawe na mawimbi ya kila sentimita. Vipimo vya mwinuko vya kona nne za nyumba, pamoja na vingine viwili au vitatu katikati, vinatosha kutoa uso wa mteremko ambao modeli itaukata. Ngazi za mkanda wa msingi ziundwe, kwa kuwa kila moja ina mahali pake. Na kimo cha kila ngazi kifuate kozi. Kwa tofali zilizotajwa, ngazi ya kozi mbili ni milimita 340. Ngazi nne hushusha mita 1.36, na sentimita 14 zinazobaki humezwa na kina cha uchimbaji. Zege la mkanda lenyewe, nondo zake na tabaka la kuzuia unyevu havibadiliki toka ngazi hadi ngazi. Mkato mmoja wa 1:20 unavieleza vyote.

5.0 Ukuta: fundi hapimi lipu

Tofali za kuchoma za Nyanda za Juu Kusini hutengenezwa kwa kalibu za mkono, na udongo husinyaa unapokauka na kuchomwa. Vipimo hutofautiana kutoka tanuri moja hadi jingine. Ukuta unaoitwa wa sentimita 23 unaweza kufika eneo la ujenzi ukiwa wa 21 au 24, kutegemea tofali zilizonunuliwa wiki hiyo. Hakuna sehemu nyingine ya jengo ambapo modeli huushinda mstari kwa uwazi namna hii: unene wa ukuta ni namba moja, na namba hiyo ikibadilishwa, plani, mikato, sura za nje na jumla ya eneo la ukuta hufuata. Anayechora kwa mistari huanza upya, au, jambo linalotokea zaidi, haanzi.

Hata hivyo ukuta huohuo huleta mtego. Programu hupendekeza ukuta wa matabaka: lipu milimita 15, tofali 230, lipu 15, jumla 260. Ni pendekezo zuri, kwa kuwa tabaka la lipu humpatia mkadiriaji majenzi eneo la kupiga lipu bila kupima upya. Shida inaanza mchoraji anapoweka vipimo vya plani kwenye uso wa nje wa matabaka. Fundi anapopiga kamba hakuna lipu. Anapima tofali hadi tofali. Akikuta 260 kwenye karatasi na tofali la 230 mkononi, atasogeza tofauti hiyo mahali fulani. Katika mstari unaokatiza kuta tano, milimita 30 kwa kila ukuta zinafika 150, na sentimita 15 zinatosha kufanya mlango wa chumba ugonge kabati la ukutani.

Suluhisho ni jepesi nalo halina gharama: lipu ibaki ndani ya modeli kwa ajili ya kuhesabu, ifichwe katika plani ya 1:100, na vipimo vyote vishikamane na kiini cha tofali. Ninalitaja kwa urefu kwa sababu linaonyesha kwamba kuunda kitu na kukionyesha ni maamuzi mawili. Mara nyingi mjadala wa “modeli nzito au mistari myepesi” huendeshwa kana kwamba ni uamuzi mmoja.

Milango na madirisha hayahitaji maneno mengi. Nafasi ya wazi ukutani, kimo cha lenta na kimo cha kizingiti viwe sahihi kabisa, kwa kuwa hutofautiana toka chumba hadi chumba. Kilichomo ndani ya nafasi hiyo, iwe fremu, grili au wavu wa mbu, kichorwe mara moja kwa kila aina na kuwekwa kwenye jedwali.

6.0 Paa

Paa ndilo hushawishi zaidi. Bati linapendeza likiundwa na mawimbi yake, na picha ya rangi hulipuka kwa uhalisia. Tuhesabu gharama. Paa la nyumba yetu ya mfano, likiwa na sentimita 60 za kuning’inia kila upande, lina plani ya mita 13.2 kwa 11.2. Wimbi la bati likiwa na upana wa milimita 76, mita 13.2 zina mawimbi 174. Kila wimbi likiundwa kwa vipande 8 bapa, upande mmoja wa paa una vipande 1,392, pande mbili 2,784, na tukihesabu uso wa juu na wa chini, 5,568. Paa hilohilo likiundwa kwa mabamba mawili yenye unene lina nyuso 12. Kwenye kompyuta mpakato ya kawaida ya mwanafunzi, tofauti hiyo ni kati ya mkato unaofunguka papo hapo na mkato unaosubiriwa.

Na mawimbi hayo hayaongezi hata bati moja katika makadirio. Eneo la paa lenye mwinamo ulio sawa pande zote ni eneo la plani lililogawanywa kwa kosaini ya mwinamo. Plani yetu ni mita za mraba 147.8. Kwa nyuzi 15 paa lina mita za mraba 153. Kwa nyuzi 25, mita 163. Kwa nyuzi 30, karibu mita 171. Geji ya bati ni neno kwenye jedwali; haina umbo linaloonekana katika skeli yoyote tunayochapisha.

Kinachohitaji modeli kwenye paa ni mahali pande zinapokutana. Urefu wa makutano ya ndani na ya nje, mahali paa la varanda linapoingia chini ya paa kubwa, kimo ambacho ukuta wa pembetatu unapaswa kufika: haya hayapatikani kwa kosaini, nayo ndiyo huvuja. Mvua za nyanda hizi hunyesha katika msimu mmoja mrefu, na kusini mwa jiji la Mbeya, upande wa Tukuyu, huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Mfereji wa makutano ya ndani uliowekwa kwa kubahatisha hujulikana kabla ya Krismasi. Hivyo mabamba ya paa yaundwe kwa usahihi wa mwinamo na makutano, hata kama hayana wimbi hata moja.

Kenchi ni mfano safi wa kitu kinachojirudia. Zikiwekwa kila baada ya mita 1.2 kwenye urefu wa mita 12, ni kenchi 11. Kumi na moja zinazofanana zinahitaji mchoro mmoja: kenchi moja katika skeli ya 1:50, maungio yake katika 1:10, orodha ya urefu wa kila mbao, kisha zidisha. Misonobari ya shamba la Sao Hill wilayani Mufindi ndiyo inayolisha sehemu kubwa ya kazi hii, na kila fundi anajua kwamba mbao inayoitwa mbili kwa nne mara nyingi haifiki inchi hizo ikipimwa kwa rula. Kuunda kila mbao ya kila kenchi kwa usahihi wa milimita, kisha kuijenga kwa mbao zenye vipimo vya kukisia, ni kujipa uhakika usiokuwapo. Kama paa ni la pande nne, kenchi za kwenye kona hutofautiana, na hizo ziundwe, kila moja kwa mahali pake.

7.0 Mkanda wa zege

Mbeya iko ndani ya Bonde la Ufa. Tetemeko la tarehe 13 Desemba 1910 katika eneo la Rukwa, lenye ukubwa wa takribani 7.4, ni miongoni mwa makubwa zaidi yaliyowahi kupimwa Afrika. Lile la Bukoba la Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilikuwa dogo sana likilinganishwa nalo, lakini liliangusha na kupasua nyumba nyingi za tofali na kuua watu. Katika nyumba ya tofali isiyo na nguzo za zege, mkanda unaozunguka kuta zote juu ya lenta ndio unaozifunga kuta kama mshipi. Kazi yake yote inategemea jambo moja: usikatike.

Katika michoro ya mistari mkanda huo huonekana kwenye mkato mmoja, na mkato huo, bila shaka, hupitishwa mahali ambapo mkanda upo. Hakuna anayeukata pale dirisha refu la ngazi linapoupasua, au pale dari la sebule lilipoinuliwa na ukuta ukapanda peke yake. Modeli inayobeba mkanda kama mche mmoja unaozunguka nyumba huonyesha mpasuko huo mara moja, kwa sababu mche utaingia ndani ya dirisha. Umbo linalohitajika ni duni kabisa: upana, kimo, njia. Nondo na ringi zake zisiundwe. Mhandisi atazichora katika mkato mmoja wa 1:20, na mkato huo ni kweli kwa urefu wote. Nimewahi kuona modeli ya nyumba ambamo ringi zote za mkanda ziliundwa moja baada ya nyingine kwa ustadi, na mkanda wenyewe umekatika juu ya mlango wa varanda.

8.0 Mistari ya kubandika

Pingamizi kubwa dhidi ya kigezo hiki linastahili kusikilizwa. Mchoraji anapokubali kwamba sehemu ya mkato itoke kwenye modeli na sehemu iongezwe kwa mistari juu yake, anaunda vitu viwili vinavyozeeka kwa mwendo tofauti. Ukuta ukisogezwa sentimita 40, modeli husogea. Mistari iliyobandikwa hubaki ilipokuwa, ikichora lipu hewani. Katika haraka ya kuchapisha, kosa hilo hupita. Wanaotetea kuunda kila kitu wana haki hapa: modeli kamili haiachi mabaki.

Jibu linatokana na kigezo chenyewe. Kama kitu kinajirudia bila kubadilika, basi mchoro wake hauna haja ya kukaa mahali maalumu. Ukae kwenye ukurasa wa michoro ya kina, nje ya plani na nje ya mikato, ukiitwa kwa alama. Mistari ya kubandika inayoleta madhara ni ile iliyowekwa moja kwa moja juu ya mkato wa 1:50 au 1:100 kuziba pengo la modeli. Mchoraji anapojikuta akiichora hiyo, hasa kwa mara ya tatu mahali pamoja, ni dalili kwamba kitu anachokichora kina mahali pake maalumu, na alipaswa kukiunda. Kwa uzoefu wangu, kosa la upande huu hutokea zaidi kwenye kingo za paa na kwenye ngazi za msingi, sehemu mbili ambazo programu huziunda kwa taabu na ambazo kwa sababu hiyo hukwepwa.

9.0 Kigezo kinapogeuka: majengo ya zamani

Yote yaliyosemwa yanahusu nyumba mpya, ambamo mchoraji ndiye anayeamua kwamba madirisha sita yafanane. Katika kupima jengo la zamani uamuzi huo haumo mikononi mwake. Boma la Iringa, jengo la enzi ya Wajerumani ambalo tangu mwaka 2016 ni makumbusho, ni aina ya jengo linaloweka kigezo hiki kwenye jaribio. Katika kuta nene zilizojengwa kwa mkono, unene haulingani toka mwanzo hadi mwisho, kona si nyuzi 90, na matao mawili yaliyokusudiwa kuwa sawa hutofautiana sentimita kadhaa. Hakuna kinachojirudia bila kubadilika. Kila kitu kina mahali pake. Kwa kigezo kilekile, basi, kila kitu kinadai kuundwa, na maktaba ya madirisha ya programu inakuwa adui wa kumbukumbu, kwa sababu huyanyoosha yaliyopinda.

Mpaka, hata hivyo, lazima uwepo, na hapa unawekwa na madhumuni ya upimaji. Kama modeli ni ya kukarabati paa, mpindo wa ukuta wa juu uundwe kwa vipimo vilivyochukuliwa kila baada ya mita moja, kwa kuwa mbao za ukutani zitafuata mpindo huo, na sakafu iachwe bapa. Kama ni ya kuweka kumbukumbu kabla ufa haujapanuka, ufa wenyewe na kuta zinazoupakana zipimwe kwa sentimita, huku picha zilizopigwa kwa utaratibu, zikiwa na rula ndani yake, zikibeba yale ambayo umbo halitayafikia: rangi, alama za mikono ya waashi, na chokaa kilichobanduka.